Usiibandue: Stempu, Mihuri na Bahasha za Bonde la Ufa

Mhadhara uliotolewa kwa umma mjini Nakuru



Mwezi wa Oktoba mwaka 1976 stesheni ya reli ya Nakuru ilitokea kwenye stempu ya shilingi mbili. Ilikuwa mojawapo ya stempu nne za usafiri wa reli: moja ilikuwa na treni ya reli ya Tanzania na Zambia, nyingine daraja la Mto Nile huko Uganda, nyingine injini ya mvuke ya mwaka 1896, na hii ya kwetu. Jambo ambalo hata wenyeji wa mji huu wengi hawalijui ni kwamba stesheni hiyo ilichapishwa mara tatu. Iko stempu ya Nakuru iliyoandikwa Kenya, iko iliyoandikwa Uganda, na iko iliyoandikwa Tanzania. Hadi muda mfupi kabla ya hapo, stempu nyingi za ukumbusho za nchi hizi zilikuwa moja, zikibeba majina yote matatu, na ukizipanga utaona majina hayo yakipokezana nafasi ya mbele ili pasiwe na wa kunung'unika. Mwaka 1976 kila nchi ikaanza kutoa za kwake, ila michoro ikabaki ile ile. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli na posta zikagawanywa, na kila mtu akashika njia yake. Kwa hiyo mtu wa Kampala wa wakati ule angeweza kumwandikia shangazi yake barua na kubandika juu yake stesheni ya Nakuru yenye jina la Uganda, wakati mabehewa yenyewe yalikuwa karibu kugombaniwa.

Nimeombwa nizungumzie maneno ya msingi ya ukusanyaji wa stempu. Nitayazungumzia, lakini nasema mapema kwamba nina upande ninaouvutia. Vitabu vingi vinavyomfundisha mtoto kukusanya stempu huanza na bakuli la maji: kata kona ya bahasha, iloweke, ibandue stempu, ikaushe kati ya karatasi mbili, iweke kwenye albamu, tupa kilichobaki. Kwa mtoto wa London ushauri huo huenda hauna hasara kubwa. Kwa mtu wa Nakuru, Molo au Naivasha ni hasara tupu. Kinachotupwa ndicho chetu. Stempu ilichapishwa kwa mamilioni, tena nyingi zilichapishwa Uingereza. Bahasha iliyopita Elburgon siku fulani ya mwezi fulani ni moja tu.

Tuanze na stempu yenyewe, tusiipuuze. Ya kwanza duniani ilitolewa Uingereza, ikaanza kutumika tarehe 6 Mei 1840: kipande cheusi cha peni moja chenye kichwa cha Malkia Victoria, kazi iliyotokana na mapendekezo ya Rowland Hill, mtetezi wa mageuzi ya posta. Haikuwa na jina la nchi, na hadi leo stempu za Uingereza hazina. Wao peke yao ndio walioachiwa upendeleo huo. Sisi wengine lazima tujitaje. Basi ukishika stempu, soma kwanza jina la nchi, kisha bei, kisha picha. Watu wengi hufanya kinyume: huona simba, wakasahau mengine yote.

Bei husema mengi kuliko picha. Stempu za kwanza za eneo letu zilihesabiwa kwa anna, kumi na sita kwa rupia moja, kwa kuwa fedha iliyotumika ilikuwa ya Kihindi. Kuanzia 1907 zikahesabiwa kwa senti za rupia. Kutoka 1922 zikaja za shilingi. Kwa hiyo hata mchoro ukikuchanganya, na wafalme wa Uingereza huwachanganya wengi kwa ndevu zao, bei itakuambia umesimama katika miaka gani. Mwaka huo wa 1922 stempu za Kenya na Uganda zilianza kuchapishwa katika mfululizo ambao thamani zake zilifika pauni mia moja. Hakuna barua iliyogharimu pauni mia. Stempu za thamani hizo kubwa zilikuwa za hati: mauziano ya ardhi, mikataba, ushuru wa serikali. Zilifutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi. Wapo waliozisafisha wino kwa dawa na kuzigonga muhuri bandia wa posta ili zionekane zimesafirisha barua, maana kwa wanunuzi stempu ya barua ni ghali kuliko ya hati. Mtu akikujia na ile ya pauni mia akisema aliipata kwa babu yake, mpongeze, lakini usitoe pesa.

Ukingoni mwa stempu pana meno. Stempu nyeusi ya 1840 haikuwa nayo. Karani alikata kwa makasi. Baadaye ikatengenezwa mashine ya kutoboa vitundu kati ya stempu na stempu, na ukichana, vitundu hivyo huacha meno. Tunayahesabu ndani ya sentimita mbili. Ukisikia mkusanyaji akisema stempu ni ya kumi na nne, hazungumzii senti. Ana maana ya meno kumi na manne katika sentimita mbili. Je, kuna haja ya kuyahesabu? Mara nyingi hakuna. Lakini chukueni stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za enzi ya Mfalme George wa Sita, zilizoanza kutolewa mwaka 1938. Mojawapo ya picha zake ni Ziwa Naivasha, na mlima nyuma yake. Mchapishaji, De La Rue wa London, alipigwa mabomu na Wajerumani usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, kiwanda chake kikaharibiwa vibaya. Vita vikaendelea, mashine zikabadilishwa, na mfululizo ule ule ukatoka na meno ya namna mbalimbali: 13¼, 13 kwa 11¾, na mengineyo. Baadhi yake ni adimu, mengine hayana bei. Hebu fikirini: ziwa letu, lenye viboko na mafunjo yake, likabadilika meno kwa sababu ya moto uliowaka mtaa mmoja wa London.

Gundi iko nyuma. Stempu ambayo haijatumika na gundi yake haijaguswa tunaiita safi, na huko Ulaya wapo wanaolipa mara dufu kwa ajili ya gundi hiyo. Sijawahi kuelewa. Gundi ina kazi moja ya maana kwetu, nayo ni kutufichulia jambo: ukiona stempu yenye muhuri mzuri kabisa kwenye kona yake, kisha ukaigeuza ukakuta gundi nzima, ujue haikusafiri popote. Iligongwa muhuri kwa agizo, kwa wingi, ili iuzwe kwa wakusanyaji. Alama ya maji ni ile unayoitafuta kwenye noti ukiiinua kwenye mwanga. Stempu nyingi za kikoloni zinayo. Nenda nayo dirishani, itazame, basi. Karatasi nzima iliyotoka kiwandani kabla ya kuchanwa wengine huiweka hivyo hivyo. Wengine huweka vipande vinne vilivyoshikana. Stempu za matumizi ya kila siku hutolewa na kuuzwa miaka kadhaa. Stempu za ukumbusho hutolewa kwa tukio, zikiisha zimeisha. Zote mbili zina watu wake.

Katika za kila siku, zile za kwanza za Kenya huru, zilizotolewa tarehe 12 Desemba 1963, zinastahili kukaliwa kitako na watu wa bonde hili. Hazikujazwa wanyama wa porini. Nyingi zina kazi: ufugaji, uchongaji, viwanda, mbao, uvuvi, kahawa, chai, bandari ya Mombasa. Stempu ya senti 65 ni ya pareto. Wazee mliopo mnakumbuka maua meupe yaliyoanikwa Molo na Mau Narok, na bodi ya pareto ilikuwa hapa hapa Nakuru. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1966, wakaja wanyama wa mchoraji Rena Fennessy, na tangu hapo stempu za Kenya zimekuwa zikimtazama mtalii zaidi kuliko mkulima. Hayo ni maoni yangu. Wanyama wake ni wazuri, kakakuona wa shilingi kumi hasa.

Sasa tufike mahali penye utamu. Kuna kitu tunachokiita chapa ya juu: maneno au tarakimu zilizopigwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapishwa. Serikali hufanya hivyo inapokuwa na haraka, na haraka ya serikali daima ina kisa. Stempu za kwanza kabisa za Afrika Mashariki ya Kiingereza zilikuwa hivyo. Mnamo Mei 1890 Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ilichukua stempu tatu za Uingereza, kichwa cha Victoria kikiwa pale pale, ikazipiga chapa ya jina lake na bei ya anna. Miezi michache baadaye ikaleta za kwake, zenye jua na taji. Mwaka 1891 stempu za bei ndogo zikaisha Mombasa. Meli ilikuwa haijafika. Maofisa wakachukua za bei kubwa, wakakata bei ya zamani kwa kalamu, wakaandika bei mpya kwa mkono, na kando yake kila mmoja akatia herufi za jina lake ili kuthibitisha. Baadhi zina A.D.

A.D. alikuwa Andrew Dick, mhasibu mkuu wa Kampuni. Baadaye aliiacha kazi, akawa mfanyabiashara wa misafara huku bara. Novemba 1895 alikuwa karibu na bonde la Kedong, chini ya Longonot, wakati msafara mkubwa wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulipokorofishana na Wamaasai. Mamia ya wapagazi waliuawa. Dick akaenda kulipiza kisasi kwa bunduki yake, akaua watu wengi, na mwishowe akauawa yeye mwenyewe. Serikali ilipochunguza ilikubali kwamba uchokozi ulianzia kwa watu wa msafara. Leo matatu za Mai Mahiu hupita juu ya bonde hilo kila dakika, abiria wakitazama mandhari na kununua mahindi ya kuchoma. Zile herufi mbili za wino, zilizoandikwa na mhasibu aliyeishiwa stempu, ndizo saini ya mtu aliyefia pale. Hizo hazimo kwenye albamu yangu, wala hazitaingia, maana bei yake ni ya matajiri, na za bandia zimejaa. Lakini mtu akijua kusoma chapa ya juu, hata picha yake kwenye katalogi inatosha.

Ziko nyingine. Herufi G.E.A. zilipigwa juu ya stempu za kwetu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ili zitumike katika eneo walilonyang'anywa Wajerumani, ambalo leo ni Tanzania bara. Huko Zanzibar, siku chache baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu za enzi ya Sultani ziligongwa kwa mkono maneno JAMHURI 1964, na kwa kuwa ni mkono, nyingine ziko wima, nyingine zimelala, nyingine zimegongwa mara mbili. Baadaye mtambo wa uchapaji ukazinyoosha. Hapa Kenya, mwaka 1975, stempu za konokono na kombe za baharini zilipigwa bei mpya kwa sababu bei za zamani hazikufaa tena: ya shilingi moja na nusu ikawa ya mbili, ya mbili na nusu ikawa ya tatu, na ile ya ishirini ikawa ya arobaini. Ni historia ya gharama za maisha katika stempu tatu.

Mfululizo huo wa kombe, uliotoka mwaka 1971, una kosa pia. Kwenye stempu ya senti 70 jina la kisayansi la nautilasi liliandikwa pompileus badala ya pompilius, na ile ya senti 50 ikapewa jina la konokono asiye yeye. Mwaka 1974 zikachapishwa upya zikiwa zimesahihishwa. Tofautisheni mambo mawili hapa. Kosa ni la mtu aliyeandaa kazi, na kwa kawaida liko kwenye kila nakala mpaka lirekebishwe, kama hili, ingawa pengine huishia kwenye baadhi tu, kama zile chapa za Zanzibar za miaka ya 1895 na 1896 ambapo baadhi zilisomeka Zanzidar. Dosari ni ya bamba au mashine, na hutokea kwenye stempu moja moja ndani ya karatasi. Kuna pia tofauti za bamba: kwenye stempu ya jahazi la Ziwa Victoria ya mwaka 1935, katika baadhi ya nakala kamba imefika kwenye tanga na katika nyingine haijafika. Huhitaji shahada kuiona. Unahitaji lenzi ya fundi saa na mwanga wa asubuhi.

Nimewapitisha haraka kwenye hayo ili nifike kwenye muhuri, maana hapo ndipo sisi wa bondeni tuna mali.

Muhuri wa posta ni ule mduara wa wino mweusi. Kwa kawaida juu una jina la ofisi, katikati tarehe, na chini jina la nchi. Kazi yake rasmi ni kuifuta stempu isitumike tena. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyeipanga, ni kushuhudia kwamba mahali fulani, siku fulani, palikuwa na ofisi ya serikali iliyofunguliwa, karani kazini, na mtu aliyekuwa na neno la kumpelekea mwingine. Ukiwa na mihuri ya kutosha unaweza kuchora ramani ya bonde hili tangu reli ilipofika Nakuru mwaka 1900. Naivasha, Gilgil, Elmenteita, Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani: hiyo ni reli, na ofisi za posta ziliifuata. Kisha za pembeni: Rongai, Solai, Subukia, Ol Kalou. Kisha jina lililokufa: Thomson's Falls, lililotokana na msafiri Joseph Thomson aliyepita huko mwaka 1883, na ambalo sasa ni Nyahururu. Ukiwa na bahasha ya Thomson's Falls na nyingine ya Nyahururu, uhuru uko katikati yake. Wenzetu wa Eldoret wana chao cha kujivunia: posta yao ilipofunguliwa mwaka 1910 mahali penyewe paliitwa 64, namba ya shamba, hadi mwaka 1912 palipopewa jina.

Na mpaka je? Wachache hukumbuka kwamba hadi tarehe 1 Aprili 1902 eneo hili halikuwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Lilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Naivasha ilikuwa Uganda. Eldama Ravine, iliyokuwa kituo kikubwa kabla ya reli, ilikuwa Uganda. Kwa hiyo atakayebahatika kuona bahasha ya Naivasha au ya Ravine ya miaka ile asishangae akikuta juu yake stempu ya Uganda. Asiseme imebandikwa kimakosa, na jamani, asiibandue. Stempu ile bila muhuri ule ni ya Uganda. Muhuri ule bila stempu ile ni wino. Vikiwa pamoja kwenye bahasha yake, vinaonyesha mpaka wa nchi ulipokuwa kabla haujasogezwa kwa kalamu ya mtu aliyeketi ofisini London.

Hapa nieleze bahasha moja ninayoipenda, nami ninayo mkononi. Ni ya rangi ya kaki, ya bei rahisi, pembe moja imeliwa na wadudu. Juu yake kuna stempu ya Tanzania ya senti 30, ya mwaka 1965, yenye ngoma, mkuki, ngao na kiti. Muhuri ni wa Molo, Kenya. Mtu asiyejua angesema kuna mchezo. Hakuna. Kwa miaka hiyo stempu ya nchi moja ilikubalika kwenye kaunta za nchi zote tatu, na karani wa Molo aliigonga bila kuinua uso. Aliyeandikiwa hana sanduku lake mwenyewe. Barua inapitia kwa shule, kwa mkono wa mwalimu mkuu. Ndivyo watu wengi wa mashamba haya walivyopata barua zao: kupitia kwa shule, kwa kanisa, kwa duka la Mhindi, kwa ofisi ya bwana shamba. Mwandiko wa anwani ni wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, herufi zimesimama moja moja. Stempu ya Tanzania ilifikaje Molo? Nadhani aliyeiandika alikuwa dereva wa lori, au alikuwa na ndugu Arusha aliyeitia kwenye barua ili ajibiwe bila visingizio. Sitajua. Ningeiloweka ile stempu, ningebaki na ngoma na mkuki ambazo kwa wauzaji hazina bei ya kumnunulia mtu andazi.

Bahasha huwa na alama nyingine za kusoma. Barua ya rejesta ina kibandiko chenye herufi R, namba, na jina la ofisi. Nyuma huenda ukakuta mihuri ya njiani na ya kufikia, nayo hukupa mwendo wa barua kwa siku. Wakati wa vita kuna alama za wakaguzi waliofungua barua na kuzifunga tena kwa utepe. Bonde letu lina hazina ya aina hiyo. Wafungwa wa kivita wa Kiitalia walikuwa hapa, wale wale waliojenga kanisa dogo la barabara ya Mai Mahiu mwaka 1942, na huko Londiani kulikuwa na kambi yao. Na Gilgil, kati ya Machi 1947 na Julai 1948, Waingereza waliwazuilia Wayahudi wa Irgun na Lehi, vikundi vilivyopigana na utawala wao, waliowatoa Palestina. Barua zilizotoka kambini hapo huuzwa leo katika minada ya Ulaya na Israeli, na wanaozishindania wengi wao hawajawahi kuiona Gilgil. Sisi tunaonunua viazi vyake kando ya barabara hatuna hata moja.

Mtaniuliza mtazipata wapi bahasha za namna hii. Msianze na maduka ya mtandaoni. Anzeni na masanduku ya bati. Faili za zamani za vyama vya ushirika, ofisi za wakili aliyestaafu, kumbukumbu za parokia, kabati la mwalimu mkuu, chini ya vitanda vya mama zetu. Kila jengo la zamani likibomolewa mjini humu kuna mzigo wa karatasi unaokwenda kufungia nyama au kuwashia jiko. Mwombe mwenyewe, mweleze unachotaka, umlipe kitu. Halafu kuna adabu. Bahasha ni yako ukishapewa. Barua iliyomo ndani ni siri ya mtu. Nikikuta barua ndani huirudisha kwa familia kama naifahamu, na kama siifahamu huiacha ilivyo, haisomwi mbele ya watu wala haipigwi picha. Wapo watakaosema naipoteza historia. Waseme.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, maana najua ndilo swali lililo midomoni mwenu. Katalogi inayotumika sana kwa nchi zetu ni ya Stanley Gibbons, mtu aliyeanza kuuza stempu Plymouth mwaka 1856. Bei iliyoandikwa humo ni bei anayouzia muuzaji, tena ya nakala isiyo na kasoro. Wewe ukienda kuuza utapewa sehemu yake, na mara nyingi sehemu ndogo. Stempu za ukumbusho mlizoweka tangu miaka ya themanini hazitamsomesha mtoto chuo kikuu. Bahasha za ofisi ndogo za bonde hili hazimo kwenye katalogi hiyo kabisa. Hakuna aliyezihesabu, na kwa hiyo hakuna aliyezipangia bei. Kwangu hiyo ni sababu ya kuanza nazo, kwa kuwa kijana wa Njoro mwenye baiskeli ana nafasi sawa na tajiri wa Geneva.

Vifaa ni vichache. Kibanio cha chuma chenye ncha bapa, kwa sababu vidole vina mafuta. Lenzi. Rula. Penseli laini, kamwe si kalamu ya wino, kuandika nyuma ya karatasi ya albamu mahali na siku uliyoipata. Mifuko ya plastiki ya kawaida, ile inayonuka ikiwa mpya, huharibu wino baada ya miaka. Tumia karatasi nyeupe au bahasha za karatasi isiyo na asidi ukizipata. Vumbi la Nakuru mnalijua, na mende mnamjua zaidi. Weka sanduku juu, pakavu, mbali na jikoni, ulifungue mara kwa mara lipate hewa. Usitumie selotepu. Ukikuta bahasha iliyokwisha kupigwa selotepu, iache hivyo hivyo. Kuibandua ni kuichuna.

Tena msingoje ya kale peke yake. Barua zimepungua, pesa zinakwenda kwa simu tangu 2007, na ofisi ndogo kadhaa za posta hazina kazi ziliyokuwa nayo. Muhuri wa ofisi yenu ya leo utakuwa adimu kwa sababu hiyo hiyo. Nunua stempu halisi kwenye kaunta, ukatae kile kibandiko cha mashine. Andika anwani yako kikamilifu, S.L.P. na namba ya posta, 20100 kama ni Nakuru, 20117 kama ni Naivasha. Mpe karani bahasha mkononi, umwombe kwa upole aigonge taratibu, mduara mzima, tarehe isomeke. Wengi wao hufurahi, kwa kuwa siku nyingi hakuna anayewaomba kitu kama hicho. Bandika stempu ya bei inayotakiwa, isizidi wala isipungue, maana bahasha yenye stempu za kupindukia haisemi ukweli kuhusu gharama ya barua ya mwaka huo.

Mezani hapa nimeweka sanduku la bahasha za Njoro na Elburgon pamoja na lenzi, mzitazame kwa zamu. Walioleta za kwao waje nazo upande huu wa dirisha, penye mwanga. Kuna mama mmoja hapo mbele ameniambia ana furushi la barua za marehemu mumewe aliyekuwa fundi wa reli, na kwamba mjukuu wake ameshazikata kona zote akaziloweka. Mama, zilete hata hivyo. Mihuri ya kufikia hugongwa nyuma, na huenda makasi hayakufika huko.